Naomba ushauri: ushawishi wa utamaduni wa Ufaransa niupime vipi?

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu utamaduni katika diplomasia ya Ulaya, na nimeichagua Ufaransa kwa kuwa walianza mapema: Alliance française, taasisi yao ya kueneza lugha na utamaduni wa Kifaransa, ipo tangu 1883; zinazofanana nayo zikaja baadaye, British Council ya Uingereza 1934 na Goethe-Institut ya Ujerumani 1951.

Kinachonikwamisha ni Afrika Magharibi. Mwaka 2017 Rais Macron wa Ufaransa aliahidi akiwa Ouagadougou, Burkina Faso, kwamba turathi za Kiafrika zitaanza kurejeshwa, na 2021 Benin ikapokea vitu 26 ambavyo Wafaransa waliviporwa kutoka Abomey, mji wake wa kifalme wa zamani. Jambo jema kabisa, ingawa lilichelewa mno. Lakini 2023 Mali ikakiondolea Kifaransa hadhi ya lugha rasmi, na Niger ikawataka wanajeshi wa Ufaransa waondoke. Je, ushawishi wa utamaduni umeshindwa, au umezidiwa na siasa za kijeshi? Naegemea la pili, ila msimamizi wangu anataka vipimo, si hisia.

Mliowahi kufanya utafiti wa aina hii, mlitumia vigezo gani? Idadi ya wanaosoma lugha naiona haitoshi, maana mtu hujifunza Kifaransa apate kazi huku akizichukia sera za Paris. Na kama kuna anayefahamiana na watu wa Cotonou, Benin, wanaoweza kuhojiwa kwa simu, nitashukuru sana.