Mrejesho: mashine ya boti isiyo na lebo

Wakuu, nimerudi. Ni ile mashine ya mtumba niliyoinunua Bagamoyo, niliyowauliza nitajuaje ni ya aina na mwaka gani: stika zimebanduliwa, kibati cha namba hakipo, kofia imepakwa rangi nyeusi.

Aliyeniambia nitafute kizibo cha duara cha chuma kwenye bloku (mwili wa injini), Mungu akubariki sana. Nilikwangua rangi taratibu, ikatokea namba inayoanza na J15: Johnson ya nguvu za farasi 15. Herufi za mwaka ni CR. Kwa neno INTRODUCES (I ni 1, N ni 2, hadi E ni 9, S ni 0), C ni 8 na R ni 4, yaani 1984. Kanuni hii ni ya Johnson na Evinrude kuanzia 1980. Sasa naagiza vipuri bila kubahatisha.

Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa psi): silinda ya juu 110, ya chini 105. Mlisema tofauti isizidi asilimia 10, moyo umetulia. Impela mpya (pangaboi ya kusukuma maji ya kupoza injini) imefungwa, maji yanatoka vizuri.

Gia ndiyo bado. Oili yake ilitoka nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yanaingia; fundi kabadilisha sili (mipira ya kuzuia maji) za shafti ya propela, lakini maji yanaendelea kuingia. Inayofuata ni sili ya shafti ya wima, na kabla ya hapo siishushi baharini. Asanteni mno.