Mrejesho: mteremko wa mstari unaopita (-3, 4) na (5, -2)

Wakuu, nimerudi kushukuru. Niliuliza kwa nini napata -3 wakati kitabu kinasema -3/4. Aliyeniambia nifunge namba hasi kwenye mabano ndiye aliyenitoa: mteremko ni tofauti ya y juu, kugawanya kwa tofauti ya x chini, na chini nilikuwa naandika 5 - 3 = 2, kumbe ni 5 - (-3) = 8. Juu ni -2 - 4 = -6, basi -6/8, yaani -3/4. Kuchora grafu kwanza nako kumenisaidia sana. Mstari ukishuka kuelekea kulia, jibu lazima liwe hasi.

Kwenye jaribio la jana nimepata maswali manne kati ya matano. Lililonishinda ni (4, 1) na (4, 7): niliandika 0, kumbe sifuri iko chini, mstari umesimama wima na mteremko wake haupo. Asanteni mno, hasa dada uliyenichorea.