Kivinjari kinajifunga chenyewe: nani husoma zile ripoti, na wiki yake huwaje?

FundiNgamiani

Wanajukwaa, assalaam alaykum. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, yenye kompyuta sita ambazo wateja huzitumia kujaza fomu za mikopo ya elimu ya juu, kutafuta matokeo ya mitihani na kuchapisha nyaraka zao. Tangu mwezi uliopita kivinjari huria tunachokitumia, Firefox, kimekuwa kikijifunga chenyewe katika kompyuta tatu, na mara nyingi hutokea mteja akiwa amekwisha kujaza nusu ya fomu, ikambidi aanze upya. Juzi binti mmoja aliyetoka Pongwe alirudia fomu yake mara tatu, nami nikamrudishia fedha zake kwa sababu sikuwa na uso wa kuzipokea.

Ninaomba kujua nifanye nini. Vilevile nimesikia kwamba humu wamo ndugu wanaochangia kutengeneza vivinjari huria. Ningependa waeleze wiki yao huwa na kazi gani, kwa kuwa kila kidirisha kinaponiomba nitume ripoti, mimi hukifunga nikiamini kwamba hakuna anayeisoma.

MwanaChumbageni

Wa alaykumu ssalaam, kaka. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu limenigusa: ripoti hizo zinasomwa. Mimi ni mchangiaji wa kujitolea katika mradi wa Firefox, ambao msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu Mozilla ilipoanza mwaka 1998, na sehemu kubwa ya wiki yangu ni kuzisoma ripoti za namna hiyo, si kuandika msimbo kama wengi wanavyodhani.

Kivinjari kinapoanguka, kabla hakijatoweka kabisa huandikwa kumbukumbu ndogo inayoonyesha kilikuwa kikitekeleza sehemu gani ya msimbo, ni toleo gani, mfumo endeshi ni upi, na ni faili zipi za programu nyingine zilizokuwa zimejipachika ndani yake. Mwenye kompyuta akikubali kuituma, seva huzipanga ripoti kwa jina la ile sehemu ya msimbo iliyokuwa kazini wakati wa kuanguka, na jina hilo ndilo tunaloliita saini. Ripoti nyingi zenye saini moja ni dalili ya ugonjwa mmoja. Anwani ya ukurasa uliofunguliwa na yaliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta hatuyaoni sisi wa kujitolea, bali huachiwa wachache walioidhinishwa, hivyo usihofie siri za wateja wako kuanikwa hadharani.

Jumatatu hukaa na orodha ya saini na kutazama ipi imepanda ghafla. Jumanne ndiyo siku ya kawaida ya kutoa toleo jipya, na toleo hilo halipelekwi kwa watu wote kwa wakati mmoja. Sehemu ya watumiaji hulipata kwanza, ripoti zao zikatazamwa, na kukionekana balaa usambazaji husimamishwa kabla wengine hawajafikiwa. Siku hiyo sisi hungoja tu na kutazama namba.

Jumatano na Alhamisi ndizo siku ninazozipenda. Nightly, toleo la majaribio, hujengwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo mwezi mmoja una matoleo takriban 60. Ikiwa hitilafu haikuwapo mwanzoni mwa mwezi na ipo mwishoni, chombo kiitwacho mozregression hunipakulia toleo la katikati ili nilijaribu. Likianguka, kosa liliingia katika nusu ya kwanza, na lisipoanguka liliingia katika nusu ya pili. Ninagawa tena, kisha tena, na baada ya majaribio sita hivi ninabaki na nusu siku moja tu ya mabadiliko ya kuyachunguza. Kila toleo hula bando la kutosha, kwa hiyo kazi hii huifanya usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi. Wiki iliyopita niliimaliza karibu na adhana ya alfajiri, nikaandika nilichokiona katika Bugzilla, daftari letu la mtandaoni la hitilafu, na mwandishi wa mabadiliko yale, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, alikuwa ameshaandaa kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, kabla ya Ijumaa. Kiraka hicho sharti kikaguliwe na mtu mwingine, na kikihitajika haraka, mwandishi huomba kiingizwe katika Beta, toleo linalotangulia lile la watu wote, pasipo kungoja zamu yake, akieleza hatari zake kwa maandishi.

Sasa kuhusu duka lako. Andika about:crashes katika upau wa anwani katika kila moja ya kompyuta hizo tatu, zitume ripoti zilizobaki, kisha uzifungue na kulinganisha saini. Kompyuta mbili zikiwa na saini ileile, shuku programu, hasa ile ya kuzuia virusi, kwani nyingi hujipachika ndani ya kivinjari. Lakini kompyuta moja ikitoa saini tofauti kila inapoanguka, mara mahali hapa na mara pale pasipo uhusiano wowote, shuku kijiti cha kumbukumbu (RAM) kilichomo ndani ya kompyuta, maana kijiti kibovu huharibu chochote kilichowekwa juu yake. Chunguza pia kama kumbukumbu inajaa. Katika Windows, tangu mwaka 2022 Firefox inaponyimwa kumbukumbu haianguki papo hapo, bali husubiri kitambo kidogo na kuomba tena, kwa sababu mara nyingi Windows huwa inaipanua faili yake ya akiba. Hatua hiyo ndogo ilipunguza sana kuanguka, ingawa haiwezi kuokoa kompyuta ambayo diski yake imejaa pomoni.

MwalimuWaMaabara

Ninashukuru kwa maelezo, ndugu yangu, lakini ninalo la kuuliza kwa niaba yetu tunaotunza kompyuta za shule. Kwa nini matoleo yatolewe kila baada ya wiki nne? Wanafunzi wangu wakishazoea kitufe mahali fulani, mwezi ujao kimehamishwa. Kama uthabiti ndio shabaha, je, kutulia mwaka mzima kusingefaa zaidi?

MwanaChumbageni

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ni la haki. Hadi mwaka 2011 ndivyo ilivyokuwa: toleo kubwa lilingoja kila kipengele kikamilike, na kila mtu alilazimisha chake kiingie kwa kuwa hakujua nafasi nyingine itapatikana lini. Vipengele vya haraka namna hiyo ndivyo vilivyoleta makosa. Ratiba ilipofupishwa kuwa wiki sita, na baadaye wiki nne mwaka 2020, ikawa kama basi la asubuhi la kwenda Dar: linaondoka kwa saa yake, na asiyekuwa tayari hupanda linalofuata bila kugombana na kondakta. Isitoshe, mabadiliko yakiwa machache ni rahisi kulipata lililoleta hitilafu.

Hata hivyo kutulia hakukingi kila kitu. Tarehe 13 Januari 2022 Firefox za watu wengi duniani ziliganda ingawa hazikuwa zimesasishwa siku hiyo. Seva ambazo Firefox huwasiliana nazo zilibadilishiwa mpangilio, zikaanza kutumia HTTP/3, njia mpya ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva, na hapo likaamka kosa lililokuwa limelala: msimbo ulitafuta jina fulani kwa kutofautisha herufi kubwa na ndogo, haukulipata, ukazunguka bila kikomo.

Kwa maabara yako ninapendekeza ESR, toleo la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu. Hiyo hupokea viraka vya usalama mara kwa mara, lakini vipengele vipya huvipata mara moja hivi kwa mwaka. Na kama bado mna Windows 7, toleo la mwisho linalokubali ni ESR 115, lililotoka Julai 2023.

MwalimuWaMaabara

Marahaba. Tunazo nne za Windows 7. Nitazihamishia huko likizo hii, kabla kidato cha nne hawajarudi.

FundiNgamiani

Ninarudi na majibu. Kompyuta mbili zilikuwa na saini moja, na katika orodha ya faili zilizojipachika niliiona ile ya programu ya kuzuia virusi niliyoiweka mwezi uliopita. Nimeiondoa, na leo ni siku ya nne hazijaanguka. Ya tatu ilitoa saini tano tofauti katika ripoti tano. Ilikuwa na vijiti viwili vya kumbukumbu, nikakitoa kimoja ikaendelea kuanguka, nikakirudisha na kukitoa cha pili, ikatulia. Kijiti kibovu nimekifungia karatasi na kukiandika tarehe, ili kijana wangu wa dukani asikirudishe kwa bahati mbaya.

Ripoti zote 17 zilizokuwa zimelala humo nimezituma, na yule binti wa Pongwe nimempigia simu aje akamilishe fomu yake.