Linux imekutupa nje katikati ya kazi? Tupeane uzoefu

MLETA UZI (Mtwara mjini)
Wakuu, naanza mimi. Nna desktop ya Linux (mfumo wa kompyuta, kama Windows) nadizainia mabango na vibandiko, juzi msimu wa korosho umechanganya, mteja kakaa pembeni, naingiza paswedi kioo kinakua cheusi sekunde mbili kinanirudisha palepale kwenye paswedi. Naingiza tena, hivohivo. Mteja ananiuliza "kaka nikanywe chai kwanza?" nikamwambia nenda tu. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, yakaja maandishi matupu, nikalogin fresh, hapo nikajua mashine nzima kilichokufa ni X tu, ile programu inayochora picha kwenye kioo. Kupiga df -h (amri ya kuona nafasi ya disk), disk imejaa 100%! Kumbe .xsession-errors, faili linalojaziwa makosa ya programu, limenenepa giga 41, kuna programu ilikua inalalamika humo usiku kucha, X hata pa kuandika .Xauthority (faili la ruhusa ya kutumia kioo) hana. Nikafuta, chai haijaisha.

WA MASASI
Mkuu yangu ilikua hiyohiyo ila disk ina nafasi kibao. Fundi wetu akasema tupige Windows, nikagoma. Kuangalia ls -l (amri inayoonyesha mwenye faili), .Xauthority mwenyewe ni root (yule mkuu wa mfumo), maana siku moja kabla nilijifanya mjuaji nikapiga sudo startx (kuwasha X kwa mamlaka ya root) 😂 chown moja (amri ya kubadili mwenye faili) nikaingia.

WA LINDI
Mi nilipoteza siku mbili kwa ujinga. Inaanguka, nawasha upya, nafungua /var/log/Xorg.0.log, yaani log (kumbukumbu) ya X, natafuta mistari yenye (EE), alama ya makosa, safi. Inaanguka tena, safi. Kumbe X ikiwaka upya inaanza log mpya, ile ya ajali imeshahamia Xorg.0.log.old, mi nasoma ya mzima namuacha marehemu. (Na mashine nyingine log iko ~/.local/share/xorg, msihangaike.) Baada ya wiki kernel (kiini cha Linux) ikajiapdeti ikaacha draiva ya nvidia, ya kadi ya picha, nyuma, nikala "no screens found", ila safari hiyo dakika tano tu, nikachagua kernel ya zamani kwenye GRUB, menyu inayokuja ukiwasha mashine.

WA MIKINDANI
Yangu ilikua inaganda saa saba mchana tu, kioo kimegoma mausi imegoma ila nikiingia kwa ssh (kwa njia ya mtandao) kutoka kwenye simu inaitika. dmesg (ujumbe wa kernel) imejaa GPU hang, yaani kadi ya picha imeganda. Nimefungua, feni ya kadi haizunguki, imeshika kutu, hewa ya bahari hii wakuu.

MLETA UZI
Wa Lindi, hiyo ya .old nimeikopi. Wa Mikindani, feni ulipata wapi? Maana na yangu imeanza kukoroma.