Yule wa filimbi pale bustani ya miti: leo amenifanya somo kwa watoto wa shule!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, mtanisamehe herufi zikirukaruka. Nimetoka msituni sasa hivi, hata viatu sijavua. Simtaji jina, hakuna haja. Aliyewahi kukanyaga pale anamjua: filimbi shingoni, fimbo mkononi, kofia ambayo naamini alizaliwa nayo. Huyo huyo.

Nilifika kwenye mti mmoja mnene hasa, nikasema ngoja nijue unaitwaje. Si ndiyo kazi ya bustani ya miti jamani? Kila mti una kibao: jina la kisayansi, familia, ulikotoka, namba yake. Sasa kibao kiko kwenye shina, herufi ukubwa wa mayai ya chawa, halafu kamba imezungushwa umbali wa kuhitaji darubini. Nikainua mguu mmoja. MMOJA! Wa pili ulikuwa bado upande wa halali.

Prrriiiiiii!

Ndege wote wakahama msitu. Nageuka, namwona anakuja na kundi la watoto wa shule nyuma yake, mistari miwili. Nikajua atanikaripia, nitasema samahani, yataisha. Hakunikaripia! Hata usoni hakuniangalia. Aliwageukia watoto, akaninyooshea fimbo, akasema kwa upole kabisa: "Haya, huyu ndiye tuliyekuwa tunamzungumzia."

Wakafungua madaftari wakaandika.

WAKAANDIKA, wakuu. Mtu mzima, mguu mmoja ndani mmoja nje, naandikwa. Katoto kamoja kakauliza, "Tumchore pia?" Kakajibiwa ndiyo. Nataka kutoa mguu, jamaa ananiambia, "Tulia kidogo wamalize." Na mimi nikatulia!!!

Ya kamba siyataki, ya mizizi siyataki. Nimo kwenye madaftari ya watu. Kesho nasahihishwa.

Gome Gumu: Uzi bila picha ni batili. Ila picha si zipo kwenye madaftari, kaziombe.

Siti ya Nyuma: "Na mimi nikatulia" hahahaha nimeshika ukuta huku.

Mizizi Mirefu: Pole mkuu, ila kamba ile haikuwekwa kukukomoa. Watu wanadhani mizizi inazama chini moja kwa moja. Ile midogo inayonyonya maji, sehemu kubwa iko juu juu, kama sentimita 30 za mwanzo hivi, na inatambaa hadi kupita mwisho wa matawi. Udongo ukikanyagwa kila siku unashindiliwa, maji na hewa havipiti, mti unaanza kunyauka taratibu, watu wanatafuta mdudu. Mguu wako mmoja hauui mti. Shida ni kwamba kila anayekuja ana mguu wake mmoja.

Mleta mada: Sawa profesa. Sasa nieleze mizizi inahusiana vipi na mimi KUCHORWA.

Siti ya Nyuma: Wamekuchora na kitambi au wamekustiri?

Mama Kivuli: Mimi alinipulizia nimekaa kwenye benchi. Benchi! Limeandikwa kabisa kwamba ni kumbukumbu ya marehemu. Nauliza kosa langu, ananiambia nimekaa muda mrefu kuliko marehemu angependa.

Mleta mada: Afadhali wewe hukuandikwa.

Jani Kavu: Mnamwonea bure mzee wa watu. Mimi kero yangu ni wale wa spika. Mtu anabeba spika ya ukumbini mgongoni, anapanda nayo njia ya msituni, ndege wanyamaze wamsikilize yeye. Wale ndio wapigiwe filimbi ya sikio. Wakitoka hao wanafuata wa mbwa asiye na kamba: "hang'ati huyu". Nani kakwambia? Yeye mbwa?

Tairi Pana: Ongeza na familia zinazotembea watu saba wameshikana mikono njia nzima. Sisi wa baiskeli tupite juu ya miti?

Mama Kivuli: Ninyi wa baiskeli msithubutu kufungua mdomo kwenye uzi huu. Juzi mmoja kanipita kwenye kona nikasoma maandishi ya soli ya kiatu chake.

Tairi Pana: Nilipiga kengele.

Mama Kivuli: KUMBE NI WEWE!

Gome Gumu: Wanaochonga majina kwenye magome mnawaachaje? Chini tu ya gome kuna njia inayoshusha chakula kutoka majani kwenda mizizini. Ukikata kuzunguka shina lote umeufungia mti mdomo, unakufa taratibu umesimama. Halafu eti anachonga kopa, mapenzi yenyewe hayamalizi msimu wa mvua.

Siti ya Nyuma: Nilichonga la kwangu na la fulani zamani za ujinga. Nikajua mti ukirefuka litapanda juu huko lisisomeke.

Mizizi Mirefu: Halipandi. Mti hurefuka kwenye ncha, shina hunenepa tu. Jina linabaki usawa uleule, linatanuka.

Siti ya Nyuma: Ndiyo maana mke wangu kalisoma bila kuinua shingo.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Wale watoto WALIANDIKA.

Jani Kavu: Tumesikia mkuu. Mimi kuna jambo nataka kujua. Nimeoneshwa mti wanauita metasekoya, wanausifia balaa, nafika nakuta mkavu, hauna jani hata moja. Kwa nini wanaacha mti uliokufa katikati ya bustani?

Mizizi Mirefu: Haujakufa! Ule ni jamii ya misonobari lakini hupukutisha majani kipindi cha baridi. Wanasayansi waliuelezea kutokana na visukuku mwaka 1941, wakidhani ulishatoweka, halafu mwaka 1948 ikatangazwa rasmi kwamba upo hai China. Wewe unataka kuuzika tena.

Jani Kavu: Waandike basi kwenye kibao, "nimelala".

Mama Kivuli: Waandike na kwenye ule wa ginko, "ziba pua". Nilirudi nyumbani soli zinanuka, watoto wakanihamisha sebuleni.

Gome Gumu: Hiyo ni miti jike tu. Ganda laini la mbegu zake lina asidi ileile iliyomo kwenye siagi iliyooza. Dume halina neno.

Tairi Pana: Si wapande madume matupu?

Mizizi Mirefu: Ukipanda kwa mbegu huwezi kujua kwa macho. Mpaka ukomae, miaka 20 au zaidi.

Tairi Pana: Yaani mtu anamwagilia miaka 20, halafu ndiyo anagundua amejipandia harufu?

Mizizi Mirefu: Ndiyo maana vitalu vingi siku hizi hupandikiza kikonyo kilichokatwa kwenye dume linalojulikana.

Mama Kivuli: Hivyo vitalu vilikuwa wapi wakati wanapanda lile jike getini, pembeni kabisa ya benchi? Aliyelipanda pale ndiye wa kufunguliwa uzi.

Jani Kavu: Fungua, tunakuja wote.