Nataka kumpeleka mama safari ya meli ya mtoni huko Ulaya mwezi wa tisa, hii maneno ya mto kukauka ni ukweli?

mtoto_wa_mwalimu (Kisumu)

Wadau habari zenu. Naomba mwenye anajua anisaidie kabla hatujalipa pesa yoyote. Mama yetu alifundisha shule ya msingi pande za Maseno miaka mingi na hiyo miaka yote yeye ndiye alikuwa anashika kwaya, mwaka huu anafikisha 70. Dada yangu mkubwa ni nesi huko Nürnberg, Ujerumani, na tumekaa kwa grupu yetu ya familia tukaamua badala ya kukodi hema na viti na kuchinja, tumchangie aende amtembelee dada halafu wapande pamoja ile meli ya mtoni, wiki moja, inatoka Nürnberg inashuka Passau, inapita Vienna, inamalizia Budapest. Vienna ndio mama anataka kabisa, tangu tukiwa wadogo alikuwa anatusimulia huo mji na muziki wake kama mahali amewahi kuishi.

Tarehe yenye iko na bei nzuri ni katikati ya mwezi wa tisa. Sasa juzi shemeji yangu akatuma picha za huo huo mto Danube mwaka wa 2022, maji yameshuka mpaka kule Prahovo, Serbia, zile meli za vita za Wajerumani zilizozamishwa 1944 zikatokea juu, mabomu bado yako ndani. Mama akaziona. Tangu siku hiyo kila nikienda nyumbani ananiuliza "sasa hiyo meli itapitia wapi?" na sina jibu. Ajenti naye anasema tusijali, safari hazifutwi.

Kitu ingine ni goti. Goti la kulia linamsumbua sana, kupanda matatu ni kazi, ngazi anapanda moja moja akishika ukuta. Meli tuliichagua kwa sababu sanduku unafungua mara moja tu halafu chumba kinasafiri na wewe. Kwa hivyo nauliza, maji yakipungua abiria hufanywa nini? Wanarudishwa nyumbani? Pesa inarudi?

baharia_wa_mezani

Omera, nimefanya kazi kwa hizo meli misimu mitatu, mwanzo jikoni kuosha vyombo halafu nikapelekwa kuhudumu mezani, mito ya Rhine na Danube zote. Ajenti hajakudanganya lakini hajakumalizia. Safari ni kweli mara nyingi haifutwi. Inageuka kuwa safari ya basi.

Wacha nieleze venye inaenda. Kuna mahali mto umezuiwa na mabwawa ya umeme na kuna mahali unajiendea tu wenyewe. Penye mabwawa, maji yanashikiliwa nyuma ya ukuta kwa hivyo hata kiangazi kikiwa kibaya kina kinabaki, meli inaingia kwa kile kichumba cha simiti, lango linafungwa nyuma, maji yanajazwa ama yanatolewa, inatokea upande ule mwingine. Shida iko mahali mto uko huru. Kwa Rhine pabaya kabisa ni Kaub, pale katikati ya milima na chini ni mwamba. Kwa Danube upande wa Ujerumani ni kati ya Straubing na Vilshofen, karibu kilomita 70 hakuna bwawa hata moja, chini ni kokoto. Na sasa angalia ramani yako, ukitoka Nürnberg kwenda Passau lazima upite hapo, njia ingine hakuna.

Nakumbuka tukipita hapo maji yakiwa kidogo. Nahodha anapunguza mwendo kabisa kwa sababu meli ikikimbia kwa maji ya kina kifupi inajivuta chini, inazama zaidi kidogo, na hapo hauna nafasi ya hiyo kidogo. Matangi ya maji yanapunguzwa meli iwe nyepesi. Sisi tulikuwa tunapanga glasi kwa meza za chakula cha jioni na glasi zinatetemeka zote pamoja, trrrr, na ukichungulia dirishani maji nyuma yetu yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja abiria akaniuliza kama tumegonga kitu. Hatukuwa tumegonga, ni injini tu inasukuma maji mahali hayana pa kwenda.

Siku zenye haiwezekani kabisa, kampuni ikiwa na meli mbili inafanya kubadilishana. Meli moja inasimama juu ya hapo pabaya, ingine inasimama chini, abiria wanapakiwa kwa basi na masanduku yao wanapelekwa kwa meli ya pili, na wale wa meli ya pili wanakuja kwa hiyo ya kwanza. Vyumba vinafanana, hata namba ya chumba unapewa ile ile. Ikiwa haina meli ya pili, basi meli inakaa gatini kama hoteli na kila asubuhi mnabebwa na basi kwenda miji mlifaa kufika kwa maji, wakati mwingine masaa matatu kwenda na matatu kurudi.

Kwa goti la mama ukweli ni huo, basi ndilo litamuumiza, mto hauna shida na yeye. Na kuna kitu ingine watu hawafikirii: maji yakishuka meli inashuka nayo lakini gati iko pale pale, kwa hivyo ile daraja ya kutokea inakuwa mwinuko mkali. Na gati zikiwa chache meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, mbili tatu, unavuka kwa meli ya jirani ndio ufike nchi kavu, saa zingine unapanda ngazi mpaka paani na kushuka upande ule.

nyakwar_dunga

Mimi ni mtu wa boti hapa ziwani, Ulaya sijafika, lakini hii ya maji kurudi naijua kwa mwili. 2006 hapa Victoria ilishuka vibaya sana, ukame na huko kwa bwawa la Jinja, Uganda, nako maji yanafunguliwa mengi, gati zikabaki zimesimama juu ya matope, mtu anashuka kwa boti anatembea kwa tope mpaka magotini na gunia la omena kichwani. 2020 ikawa kinyume, ziwa likaingia mpaka kwa vibanda vya samaki. Kwa hivyo mwambie mama mto hauwi umekauka vile kwa picha. Hizo za Serbia nimeziona pia, zile meli mbovu zimelala chini miaka yote na maji yakishuka kiasi zinatoa vichwa, lakini pembeni yake njia ya meli bado iko na maji yanaenda. Picha inachukuliwa mahali pabaya zaidi, hakuna mtu anapiga picha pale kina kiko sawa.

baharia_wa_mezani

Jirani amesema ukweli na niongeze hapo. Watu wanasoma kwa habari "Kaub imefika sentimita 30" wanafikiria mtoto anaweza kuvuka kwa miguu. Kile kipimo hakianzii chini ya mto. Kaub ikisoma karibu sentimita 78, njia ya meli iko na kama mita 1.90. Agosti 2022 ilifika karibu 30, na rekodi ni Oktoba 2018, sentimita 25, ongeza ile tofauti ya mita moja na kitu (1.90 toa 0.78) ndio unapata kina chenyewe. Ni kidogo sana lakini bado ni mto. Meli za mizigo zilikuwa zinapita na robo ama theluthi ya mzigo. Zetu za abiria ni refu mpaka mita 135 na hazizami sana lakini hizo sentimita za mwisho ndizo zinaamua.

Shiku_wa_Section58 (Nakuru)

Hi, pole nachelewa kujibu lakini hii imenigusa kwa sababu ilinipata. Tulienda na mama mkwe na mume wangu, Rhine, mwezi wa kumi. Usiku wa pili tukaambiwa mezani kwamba kesho ni basi. Kesho yake tena basi. Siku tatu kati ya saba tulikuwa kwa barabara kuu tunaangalia malori, na ile sehemu yenye mama mkwe alikuwa ameingojea, majumba ya kale juu ya milima, tuliipita nyuma ya mlima hatukuona hata moja. Yeye hakulalamika, ni mtu wa kunyamaza, lakini niliona venye alikuwa ameshika kamera kwa mapaja siku nzima haifungui. Hiyo inaniuma mpaka leo kwa sababu mimi ndiye nilichagua tarehe.

Kampuni, jina siweki, ilisema kwa masharti tuliyotia sahihi imeandikwa wanaweza kubadilisha njia kwa sababu ya hali ya mto bila kulipa kitu. Bima yetu nayo ikasema safari haikufutwa, mlilala na mlikula, kwa hivyo hakuna kitu. Na jueni ile bima ya viza ya Schengen, ile ya kiwango cha chini yuro 30,000, ni ya hospitali na kurudishwa nyumbani ukiugua, haijui mambo ya maji kabisa. Sisi tulikuwa tunafikiria tuko na bima.

Kitu nilikuja kujua baadaye, na hii ni muhimu kwako kwa sababu dada yako anaishi Ujerumani: alipe yeye huko huko kupitia kampuni ya huko. Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015 ya safari za kifurushi. Wakibadilisha kitu kikubwa kabla hamjaondoka mnaweza kukataa na kurudishiwa pesa bila faini, na kama mlichopata si kile mliuziwa mnaweza kudai mpunguziwe bei. Sisi tulilipa kupitia ajenti wa huku na kampuni ya nje ya Ulaya, tukabaki tunazungushwa kwa barua pepe miezi minne. Pia wekeni kumbukumbu, kila siku ya basi mnaandika saa mliondoka na saa mlirudi na mnapiga picha ile karatasi ya ratiba wanaweka kwa chumba jioni.

mtoto_wa_mwalimu

Asanteni sana, aki mmenifungua macho, nimesomea dada hii yote kwa simu. Pole Shiku kwa ya mama mkwe. Sasa tufanye nini, tuache kabisa ama tubadilishe mto? Dada anasema Ureno kuna mto Douro uko na mabwawa.

baharia_wa_mezani

Douro ni kweli, mabwawa matano na kile kichumba cha bwawa la Carrapatelo pekee kinapandisha meli mita 35, maji huko hayasumbui hivyo. Lakini huko ni vilima na ngazi, na Vienna haiko. Mama anataka Vienna, mpelekeni Vienna.

Ningekuwa ni mimi ningefanya hivi. Wasipandie Nürnberg. Wachukue treni Nürnberg mpaka Passau, ni kama masaa mawili na hakuna kubadilisha treni njiani, wapandie meli hapo Passau. Kuna safari nyingi za wiki moja zinatoka Passau zinaenda Vienna na Budapest na kurudi hapo hapo Passau. Ile kilomita 70 mbaya mmeiacha nyuma na treni. Na Passau ndipo mto Inn unaingia Danube, unakuja na maji ya theluji kutoka milima ya Alps, kiangazi unaleta maji mengi kushinda hata Danube yenyewe, ukisimama pale kwa ncha ya mji unaona rangi mbili zinatembea pamoja, moja ya kijani hafifu kama maziwa na ingine imekolea. Kutoka hapo Austria karibu yote ni mabwawa. Sitakuambia hakuna hatari, Wachau kabla ya Vienna mto uko huru, Vienna kwenda Bratislava pia, na huko Hungaria kabla ya Budapest 2018 kulikuwa na shida. Lakini hata Budapest ikikataa, meli inaweza kubaki upande wa Austria, na Vienna mtakuwa mmefika.

Tarehe mrudishe nyuma. Mwisho wa mwezi wa nane mpaka wa kumi ndio maji yanakuwa chini zaidi. Mapema sana nako kuna mafuriko, Juni 2013 Passau maji yalifika mita 12.89, mji wa zamani wote ndani ya maji, na maji yakipanda meli haipiti chini ya madaraja. Mimi ningechukua mwezi wa saba.

Na kabla ya kulipa dada aulize maswali kwa maandishi: mko na meli ya pili kwa mto huo? Basi ikiwa lazima mama anaweza kubaki kwa meli na apewe chakula cha mchana? Chumba chagueni cha ghorofa ya katikati karibu na mapokezi. Lifti ya meli nyingi inatembea kati ya ghorofa mbili tu, vyumba vya chini ambavyo ni bei rahisi haifiki na paani pia haifiki.

nyakwar_dunga

Na fimbo abebe, hata kama anasema hataki. Ile daraja ya kutoka kwa boti inacheza.

mtoto_wa_mwalimu

Narudi na habari. Dada amepata ya mwezi wa saba, Passau kwenda na kurudi, imezidi ile ya kwanza kidogo lakini ndugu yetu wa Eldoret amesema ataongeza. Kampuni imejibu kwa maandishi kwamba iko na meli tatu kwa Danube na mama anaweza kubaki ndani siku yoyote na atapikiwa. Vyumba vya ghorofa ya katikati vilikuwa vimebaki viwili, tumeshikiwa kimoja mpaka Ijumaa.

Jana nilimweleza mama kuhusu Inn na zile rangi mbili. Hakusema kitu, akaenda kwa kabati akatoa ile atlasi yake ya darasani, imeshonwa mgongo kwa uzi, akavaa miwani akatafuta Passau. Ilichukua muda. Akaupata huo mto akaufuata na kidole kutoka milimani mpaka unapokutana na Danube, kisha akaendelea nao mpaka Vienna, akaniuliza hapo Vienna meli inasimama siku ngapi.