Tupeane uzoefu: wanawake na makundi maalum tulioko kwenye uchapaji

mama_pleti: Jamani, leo niko kwenye gilotini nakata kadi za mchango, mteja anaingia: "Dada, bosi yupo?" Mwaka wa tisa huu niko Kariakoo! Nikamwambia katoka, arudi kesho. Wenzangu wa karatasi na wino, mmepitia yapi?

Bi Rimu: "Katoka"! Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

wino_mkononi: Umenikumbusha kalenda. Desemba, nina GTO moja, mashine ya kuchapa, ya mtumba, ya rangi moja. Kazi ni kalenda 3,000 za rangi nne, yaani kila karatasi ipite mashineni mara nne. Fundi kapiga njano, majenta (ile nyekundu ya waridi), sayani (bluu). Nikamwambia majenta imezidi, sura za watu zinaonekana kama wamechapwa makofi. Akasema yeye hafundishwi kazi na mwanamke. Kavua ovaroli, kaondoka, simu kazima. Nyeusi bado! Kalenda 3,000, picha safi, tarehe hata moja hakuna, na mteja anazitaka saa nne asubuhi. Nikafunga pleti, lile bati la kuchapia, ya nyeusi mwenyewe, nikikumbuka tu mikono yake ilivyokuwa inakwenda. Karatasi za mwanzo, Jumapili inakaa juu ya pua ya mkurugenzi. Kaza, legeza, kaza tena. Bahati tulipiga za akiba 250, maana nilichoma karibu zote. Saa kumi alfajiri ikakaa. Nikalia kidogo juu ya maboksi, nikaendelea.

KordMzee: Pole. Ila mashine ya mtumba na fundi mmoja ni kujitakia.

wino_mkononi: Mshahara wa fundi wa pili utalipa wewe mzee wangu?

mjasiri_dom: Sheria inatutengea asilimia 30 ya manunuzi ya umma: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Tukajisajili NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, kama kikundi; LPO (oda ya manunuzi) ya kwanza tukapiga vigelegele. Hela imeingia baada ya miezi nane. Muuza karatasi alikuwa anapiga simu kila Ijumaa.

stika_boy: Hiyo 30 wanaila wanaume. Jina la mke, saini ya mume.

mjasiri_dom: Una ushahidi au umeamka vibaya?

stika_boy: Shemeji yangu. Dada hajui hata karatasi ya saizi ya A3 ni ipi.

Bi Rimu: Kamfundishe dada yako A3, sisi tuache.

kiti_mwendo: Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato yake inayotengewa sisi wenye ulemavu, ndio ulioninunulia mashine ya kupres fulana. Nikaikatia meza miguu, kimo changu. Wateja bado wanapatana bei na kijana wa mizigo.

mama_pleti: Ndugu yangu, na wewe bosi wako katoka!

KordMzee: Ushauri: usianze kazi bila asilimia 70 ya malipo mkononi.

mjasiri_dom: Kaombe hiyo 70 ofisi ya serikali, watakupa soda na kukusindikiza hadi getini.

mama_pleti: Kadi za harusi tu. Bibi harusi hasubiri miezi nane.

Bi Rimu: @wino_mkononi, na yule fundi?

wino_mkononi: Alirudi Februari kuomba kazi. Nikampa kufunga maboksi. Nyeusi napiga mimi.

stika_boy: Wino mweupe wa DTF (wa kuchapia fulana) bei poa uko wapi, wakuu?